Majina Yanayokaribiana na Amali Zisizofanana

Katika dhulma zinazotendwa kwa kalamu pasipo mwandishi kukusudia, naiona moja kuwa ni nyepesi sana kutendeka na nzito sana kurekebishika, nayo ni ile ya kumpa mtu amali za mtu mwingine kwa sababu tu majina yao yanakaribiana masikioni. Sisi wa Tanganyika, ambao nchi yetu ilikaa chini ya Wadachi kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, tumeachiwa majina mengi ya Kijerumani katika vitabu, katika ramani, katika meli za maziwa yetu na hata katika mawe yetu; na kwa kuwa majina hayo hayakuota katika lugha yetu, na mengi yake humalizika kwa miisho ile ile, tumekuwa wepesi wa kuyachanganya kana kwamba ni jina moja lenye sura nyingi. Kusudi langu ni kudai kwamba kila jina liandikwe pamoja na mwenyewe, mahali pake na mwaka wake, ili mtu aliyemwaga damu asisitirike nyuma ya mwanazuoni, wala mwanazuoni asibebeshwe damu ambayo hakuimwaga.

Nitatwaa majina matatu kuwa ithibati: Wissmann, Weismann na Weizmann. Msomaji akiyatazama polepole ataona kwamba yanatengwa na herufi mbili tatu tu. Na mtangazaji akiyatamka kwa haraka, huku akiifuata desturi ya Wajerumani ya kuitamka herufi ya kwanza kama vile sisi tunavyoitamka "v", msikilizaji atabakiwa na dalili ndogo sana ya kumjulisha ni yupi kati yao aliyekusudiwa. Hata hivyo watu hao watatu waliishi maisha ambayo umbali baina yao ni kama umbali wa mashariki na magharibi.

Hermann von Wissmann alizaliwa mwaka 1853, akawa askari, akapata sifa kwao kwa kulivuka bara la Afrika kutoka magharibi hadi mashariki na kutokea Saadani mwaka 1882. Laiti habari zake zingekoma hapo, tungemhesabu miongoni mwa wasafiri, na mjadala ungekuwa mfupi. Lakini mwaka 1889 serikali ya Ujerumani chini ya Bismarck ilimtuma pwani yetu akiwa kamishna wa dola, pamoja na askari walioandikwa Misri na Msumbiji, aje kuvizima vita ambavyo watu wa Mrima walikuwa wamevianzisha mwaka uliotangulia kwa kukataa kuuzwa kwa nchi yao bila ya ridhaa yao. Mwezi Mei aliishambulia na kuiteka ngome ya Abushiri bin Salim al-Harthi karibu na Bagamoyo; katika miezi iliyofuata Saadani na Pangani zilionja mizinga; na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani, ilhali Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi mwaka wa pili yake. Wazee wetu hawakuyaacha mambo hayo yapotee, kwani Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliyatungia utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, na kwa hivyo ushahidi wa Kiswahili juu ya siku zile upo na unasomeka. Wissmann mwenyewe alirudi akawa gavana wa koloni mwaka 1895 na 1896, akafariki mwaka 1905.

August Weismann hakuwa askari, wala hakuja kwetu. Alizaliwa mwaka 1834, akasomea uganga, kisha akaingia katika ilimu ya viumbe na kufundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Freiburg, akafariki mwaka 1914. Macho yake yalimdhoofikia akashindwa kuendelea na darubini kama alivyotaka, naye badala ya kukata tamaa akaigeuza kazi yake kuwa ya kufikiri. Na fikira yake iliyo kubwa, aliyoitangaza katika kitabu cha mwaka 1892, ni kwamba urithi wa viumbe hupita katika chembe za uzazi peke yake, wala mabadiliko yanayoupata mwili wa mzazi katika maisha yake hayamfikii mtoto. Alikata mikia ya panya kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kikazaliwa na mikia yake kamili. Mwanafunzi wa shule ya sekondari anayejifunza leo habari za urithi anatembea juu ya njia ambayo Weismann alikuwa mmoja wa walioifyeka, na ni haki yake kulijua jina lake kwa usahihi.

Ama Chaim Weizmann, yeye alikuwa Myahudi aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Motol, kilichokuwa wakati ule katika dola ya Urusi. Jina lake lina sura ya Kijerumani kama yalivyo majina mengi ya Wayahudi wa pande zile. Alikuwa mkemia, akafundisha Manchester, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akawafundisha Waingereza njia ya kuipata asetoni, iliyohitajika kwa baruti, kwa msaada wa vijidudu vinavyochachusha nafaka. Mwaka 1949 akawa Rais wa kwanza wa dola ya Israeli, na akafa akiwa katika cheo hicho mwaka 1952. Ajabu ni kwamba katika watu hawa wawili wa ilimu, huyu wa mwisho ndiye anayegusa taarikhi ya Afrika ya Mashariki, tena kwa jambo ambalo watu wengi hawalikumbuki. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaonyesha viongozi wa Wazayoni ardhi ya Uasin Gishu, wapeleke huko Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi; na katika mkutano wao wa Basel mwaka huo Weizmann alikuwa miongoni mwa waliopiga kura ya kukataa. Wajumbe waliotumwa kuikagua ardhi walirudi, na mkutano wa mwaka 1905 ukalitupa shauri lile. Vitabu vinaliita shauri hilo "mpango wa Uganda", hali ardhi yenyewe ilikwisha kutolewa katika Uganda mwaka 1902 na leo iko Kenya, karibu na mji wa Eldoret. Na Wanandi na Wamasai ambao ng'ombe wao walilisha katika nyanda zile hawakuulizwa neno na upande wowote. Basi hata jina la shauri limekosea mahali, na mahali palipokosewa hupoteza watu wake.

Kana kwamba ukaribu wa majina ya watu hautoshi, miji nayo imeongeza tatizo. Wissmann alizaliwa Frankfurt, na Weismann alizaliwa Frankfurt. Lakini Frankfurt ya kwanza iko kando ya mto Oder, mpakani mwa Poland, na ya pili iko kando ya mto Main, nayo ndiyo ile yenye mabenki makubwa na uwanja wa ndege ambao wasafiri wetu wanaujua. Weismann alifundisha Freiburg, na Weizmann alipata shahada yake ya udaktari Freiburg mwaka 1899. Lakini Freiburg ya Weismann iko Ujerumani, kando ya Msitu Mweusi, na ya Weizmann iko Uswisi, ambako wenyeji wengi huiita Fribourg kwa Kifaransa. Mwandishi asiyejihadhari anaweza kwa sentensi moja kumzaa Wissmann katika mji wa Weismann, kumsomesha Weizmann kwa Weismann, na kumpa msomaji wake mtu mmoja aliyetungwa kwa viungo vya watu watatu, ambaye hakupata kuishi popote duniani.

Pengine msomaji ataniuliza: kuna madhara gani, maadamu wote ni wageni na wote wamekufa? Madhara yapo, tena si ya wafu wa Ulaya. Mwenye duka akiliandika deni la Juma katika daftari la Jumaa, amewadhulumu wawili kwa kalamu moja, kwani asiyedaiwa atadaiwa na anayedaiwa atatembea huru. Tunapolififisha jina la Wissmann mpaka likawa jina lolote tu la Mzungu wa zamani, tumemsahilishia hesabu yake, na waliobaki bila ya mdaiwa ni watu wa Pangani, Saadani na Bagamoyo. Damu ya Abushiri haikumwagwa na "Wadachi" kwa ujumla wao. Ilimwagwa kwa amri ya watu wanaojulikana kwa majina, vyeo na tarehe.

Waama wazee wetu wa pwani walikwisha kuupata ufumbuzi wa jambo hili zamani, nasi ndio tulioupuuza. Mtu wa Lamu, wa Mvita au wa Unguja akitaka kumtaja mtu katika hati ya shamba au katika barua ya madai hakuandika "Salim" akanyamaza, kwa sababu akina Salim walijaa mjini. Aliandika Salim bin fulani, akaongeza nasaba yake na mahali atokapo, hata kadhi aliyeisoma hati ile baada ya miaka arobaini hakuwa na shaka ni Salim yupi. Tumewanyima wageni heshima hiyo ya kutofautishwa, na katika kuwanyima wao tumejinyima wenyewe uwezo wa kuwahesabu. Siombi zaidi ya kwamba desturi ile ile itumike: Hermann von Wissmann, askari na gavana, August Weismann, mwanazuoni wa viumbe, Chaim Weizmann, mkemia na Rais. Maneno mawili au matatu yanayofuata jina hayali nafasi kubwa katika gazeti lolote.

Tatizo huzidi uzito jina linapohama kutoka kwa mtu na kukaa juu ya kitu. Wissmann alipata meli mbili. Moja, iliyoitwa Hermann von Wissmann, ilichangiwa fedha Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, ikaletwa vipande vipande hadi Ziwa Nyasa. Ya pili, Hedwig von Wissmann, iliyobeba jina la mkewe, ilikuwa Ziwa Tanganyika. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Guendolen iliikuta ile ya kwanza imepandishwa pwani ya Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, ikaipiga, huku nahodha wake Mdachi akiwa hajapata habari kwamba vita vimeanza, na akishangaa kwa nini rafiki yake Mwingereza anampiga mizinga. Ya pili ilizamishwa tarehe 9 Februari 1916 na kikosi cha Waingereza kilichozileta mashua zake kwa nchi kavu kupitia Kongo. Mara nyingi visa hivi viwili husimuliwa kama kimoja, na maziwa mawili yaliyo mbalimbali huwa ziwa moja. Na mtu mwenyewe, yule wa Pangani, hupotea kabisa chini ya maji pamoja na meli zake.

Jina jingine la namna hiyo ni Götzen. Graf Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda mwaka 1894 akiwa msafiri, kisha akawa gavana wa koloni la Wadachi tangu 1901 hadi 1906, yaani ni yeye aliyekuwa na mamlaka vita vya Maji Maji vilipolipuka katika vilima vya Matumbi mwezi Julai 1905. Katika vita vile nyumba zilichomwa, ghala zikateketezwa na mashamba yakaharibiwa ili njaa imalize kazi ambayo risasi hazikuimaliza, na baadhi ya wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa walifikia 250,000 hadi 300,000. Huyu asichanganywe na Walter Goetze, mtaalamu wa mimea aliyekuja katika nyanda za juu za kusini, akakusanya mimea ambayo baadhi yake ina jina lake hata leo katika vitabu vya ilimu hiyo, akafa nchini humu mwaka 1899, kabla huyo gavana hajashika cheo chake. Herufi moja mwishoni mwa jina inamtenga mkusanyaji wa majani na gavana wa njaa, na mtu aifutaye herufi ile kwa uvivu amefanya jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Meli iliyopewa jina la gavana huyo imekuwa na bahati njema kuliko jina lake. Ilijengwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, naye Meyer huyo hana uhusiano na Hans Meyer wa Leipzig aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889 na kukiita kwa jina la mfalme wake. Ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari, ikapanda reli, ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wadachi wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake mafuta ili isiliwe na kutu; Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe katika pande za kusini. Tangu hapo imebeba samaki, mahindi, arusi na misiba, na mwezi Mei 2015 iliwabeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba badiliko lile la jina lilikuwa jema, kwa maana mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hakustahili kuokolewa ndani ya jina la Götzen. Lakini wema wa badiliko haukamiliki ikiwa abiria wa Liemba hawaambiwi kamwe kwamba jina la kwanza lilikuwapo, na mwenye jina lile alifanya nini Matumbi na Ungoni.

Huko Ujerumani nako mambo haya yana mjadala mkali, na kisa kimoja cha Berlin nakiona kuwa ni somo kubwa. Katika mtaa uitwao wa Kiafrika palikuwa na barabara ya Petersallee, iliyopewa jina hilo mwaka 1939, chini ya utawala wa Hitler, kumtukuza Carl Peters. Huyo ndiye aliyekuja mwishoni mwa mwaka 1884 na kuwafanya machifu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami watie sahihi katika karatasi ambazo hawakuzielewa. Ndiye aliyewanyonga kijana Mabruk na msichana Jagodja katika kituo chake Kilimanjaro, jambo lililomfukuzisha kazi kwao wenyewe mwaka 1897. Na ndiye ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986, malalamiko yalipokuwa mengi, wakubwa wa mji walitangaza kwamba tangu siku ile barabara inamkumbuka Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyempinga Hitler. Kibao hakikubadilishwa herufi. Kilichobadilishwa ni mtu aliyedaiwa kuwa nyuma yake. Hans Peters alikuwa mtu mwenye haki ya kuheshimiwa kwa jina lake, si kutumiwa kuwa pazia la mwingine. Na wale walionyongwa Kilimanjaro walikuwa na haki ya kusikia kosa likitajwa kuwa ni kosa. Ilichukua mpaka mwaka 2024 kibao chenyewe kung'olewa, na sehemu ya barabara ile sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Hiyo ndiyo njia iliyonyoka.

Vivyo hivyo kwa Wissmann. Sanamu yake iliyosimama Dar es Salaam iliondolewa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaishia mbele ya chuo kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, na iliporudishwa wakaiangusha tena mwaka 1968. Barabara yake ya Berlin, katika wilaya ya Neukölln, tangu mwaka 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya Bibi Lucy Lameck, muuguzi kwa mafunzo yake, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia Bunge la Tanganyika na baadaye naibu waziri. Nasikitika kusema kwamba nadhani wako vijana wa Berlin waujuao wasifu wa Bibi huyo, kwa kuwa umebandikwa njiani mwao, hali wenzao wa Moshi, alikotoka, hawajausikia.

Imebaki habari ya Mwanza. Jiwe lililosimama majini pwani ya mji ule, ambalo picha yake imekuwa ndiyo nembo ya mji kwa wageni na wenyeji, linaitwa Jiwe la Bismarck. Na kule Kasanga, Ziwa Tanganyika, boma la Wadachi liliitwa Bismarckburg, jina ambalo lilikuwa pia la kituo chao kingine huko Togo, hata mtu akisoma barua ya zamani iliyoandikwa Bismarckburg hana budi kuuliza kwanza ni koloni lipi lililokusudiwa. Otto von Bismarck hakukanyaga Afrika hata siku moja, na kwa muda mrefu hakuwa na hamu ya makoloni. Lakini serikali yake ndiyo iliyoupa ulaghai wa Carl Peters nguvu ya dola mwezi Februari 1885, na amri zake ndizo zilizomleta Wissmann. Kasanga imerudi kuwa Kasanga. Jiwe bado halijarudi. Lilikuwapo pale kabla ya ukoo wa Bismarck kujulikana, na waliokuwa wakivua chini yake, Wasukuma, Wakerewe na wengineo, hawakukaa wakilitazama karne kwa karne bila ya kuliita.

Sitaki jina la Bismarck lifutwe katika vitabu. Nimekwisha kueleza kwamba kufuta na kuchanganya ni ndugu wawili. Nataka liandikwe pale pale ufukweni, kwenye kibao cha Kiswahili fasaha, kwamba mtu huyu alikuwa nani na alitutendea nini, na juu yake liandikwe jina ambalo wenyeji wanalikubali. Wahariri wa magazeti na redio nawaomba wasilipitishe jina la kigeni la zama zile bila ya jina la kwanza, kazi ya mtu na mwaka. Walimu wa taarikhi nawaomba wawafundishe watoto Wissmann wa Pangani kwa urefu, na Weismann na Weizmann kwa kadiri inavyofaa, kila mmoja katika somo lake. Na wewe msomaji wa Mwanza, ikiwa bibi au babu yako yu hai na analikumbuka jina la zamani la jiwe lile, muulize, uliandike kama alivyolitamka, pamoja na jina lake na kijiji chake, ukalipeleke kwa mwalimu wa shule iliyo karibu nawe na kwa halmashauri ya jiji, kabla wenye kulijua hawajatutoka.